Ingia kwa Upande wa Joka

Siku Pik-ha alipoondoka, kundi zima la waigizaji lilikaa na nyuso zisizopakwa rangi.

Ulikuwa mchana wa maonyesho, nyuma ya jukwaa la mabomba na mbao lililosimamishwa mbele ya hekalu, katika mji wa wakulima wa vitunguu saumu. Vioo vilikuwa vimeegemezwa juu ya makasha ya maleba, rangi zimekwisha kuchanganywa, nywele zimefungwa kwa vitambaa. Lakini hakuna aliyegusa brashi. Watu wa jukwaa wana mwiko wao: mchekeshaji ndiye wa kwanza kujipaka. Mpaka yeye atie doa jeupe puani, hata mwenye kundi haruhusiwi kujichora nyusi. Na mchekeshaji wa kundi lile, tangu Sui apate akili, alikuwa mama yake, Pik-ha.

"Shangazi Pik amelala mpaka amesahau kama ana pua," alisema Le-chu, mke wa mtoto wa bosi, akijipepea kwa kifuniko cha sanduku la poda.

"Mwache," alisema Mjomba Hok kutoka kwenye mashine yake ya kanda. "Mtu wa umri wake akipata usingizi wa mchana ameokota dhahabu."

"Dhahabu yake inatuchelewesha wote. Dada Sui, kamwamshe mama yako, jasho litatumaliza kabla ya rangi."

Sui aliteremka ngazi. Mama yake alipenda kulala chini ya jukwaa, katikati ya nguzo, kwenye kitanda cha kamba alichokitundika mwenyewe, kwa sababu huko palikuwa na kivuli na alisikia nyayo za wenzake juu ya kichwa chake. Alikuwa amelala chali, kiatu kimoja kimeanguka.

"Mama, watu wanaisubiri pua yako."

Alimvuta mkono. Mkono ulikuja, mama hakuja.

Yaliyofuata Sui aliyakumbuka vipande vipande: gari la wagonjwa lililoshindwa kupita kwa sababu ya vibanda vya soseji, Mjomba Hok akisukuma meza za watu, kile kiatu mkononi mwake. Lakini kitu kimoja alikiona kizima. Alipokuwa akipanda garini aligeuka, na kwenye mwanya wa pazia akamwona Bosi Khun, mwenye kundi, ameketi juu ya kasha jekundu la mama yake. Alichovya kidole katika rangi nyeupe akajitia puani. Brashi zote zikainuka kwa pamoja. Gari lilipokunja kona, ngoma za kanda zilikuwa zimeshaanza. Mungu wa hekalu alikuwa ameshaalikwa, na mungu akishaalikwa haambiwi arudi nyumbani.

Pik-ha hakuwa mchekeshaji tu. Alikuwa msimulia mchezo. Zamani, kabla ya kanda, kundi lile halikuwa na mchezo ulioandikwa hata mmoja. Michezo yote ilikaa kichwani mwa Pik-ha. Kabla ya maonyesho alikaa juu ya kasha jekundu (mchekeshaji peke yake anaruhusiwa kukalia kasha lolote) akawaambia wenzake leo ni mchezo gani, nani anakutana na nani, nani anadanganywa, nani analia na analia hadi wapi. Maneno walijitafutia wenyewe mbele ya watu. Huo waliuita mchezo hai. Mchezo wa kukariri waliuita mfu, na hawakuona kwamba wanautukana.

Sui alifundishwa jukwaa kabla ya kufundishwa kuhesabu. Mtoto wa jukwaani haambiwi kulia na kushoto. Mama yake alimshika mabega akamgeuza: huku ni upande wa joka, ndiko watu huingilia, kule ni upande wa chui, ndiko hutokea. Huku mbele, karibu na watazamaji, ni mdomo wa jukwaa, mahali pa kusema siri. Kule nyuma ni kina, ndiko wakubwa hukalishwa. Na hapa, kati ya pazia na mwanga, pana nafasi ndogo isiyo ya ndani wala ya nje.

"Hapa mtu anafanya nini?" mama yake alikuwa akimuuliza.

"Anaweka chini."

"Anaweka nini?"

"Kila kitu cha nje."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mwana wa mfalme hana kikombe cha chai cha plastiki."

Kwa jambo hilo Pik-ha hakuwa na huruma. Aliyeonekana akielekea kwenye mwanga huku ameshika kikombe, sigara, feni au kipande cha pera, alipigwa kofi mkononi hapohapo, awe nyota wa mchezo au mbeba bendera. Sui alipigwa mara nyingi kuliko wote. Alipokuwa mkubwa mikono yake ilikuwa imeshajifunza peke yake: wimbo wa mwenzake ukifika ubeti wa mwisho, vidole vyake viliachia chochote vilichokishika juu ya chochote kilichokuwa karibu, vikashuka, vikangoja. Kisha mama yake alimnong'oneza ishara kutoka nyuma ya pazia, naye akaingia. Hata alipofika umri wa kuwa na mvi mbili tatu, na watazamaji wakimlilia katika nafasi za vijana wa kiume, hakuwahi kuingia bila mnong'ono ule.

Kisha Bosi Khun akaanza kuzungumza habari za kanda.

"Dada Pik, wapiga ala saba wanakula kuliko miungu."

"Basi fukuza miungu."

"Nasema kweli. Makundi yote ya kaskazini yana kanda. Mnarekodi mara moja, sauti nzuri, hakuna kukohoa, hakuna kusahau. Jukwaani mnatingisha midomo tu."

"Huko ni kula wali wa jana, Khun."

"Wali wa jana hushibisha."

Wapiga ala waliondoka. Mjomba Hok, aliyekuwa mpiga ngoma mkuu na aliyewahi kuendesha jukwaa zima kwa vijiti viwili, alibakizwa kuendesha lori na kubonyeza mashine. Wakaenda mjini kurekodi, katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Hapakuwa na pazia, joka wala chui. Palikuwa na maikrofoni tu na fundi nyuma ya kioo, na saa ya kukodi chumba inakimbia.

Walirekodi mchezo wa mjane muuza tofu. Mwanawe amekwenda kusoma, amekuwa mkubwa serikalini, sasa anarudi akitanguliwa na bendera, na anampita mama yake langoni bila kumtambua. Sui alikuwa mwana. Pik-ha alikuwa mjane, kwa ile sauti ya mchekeshaji inayokwaruza kama chungu kinachosuguliwa, sauti ambayo watu waliicheka hadi pale walipogundua kuwa wanalia. Aliimba wimbo wa tofu hadi mwisho. Ndipo, katika ule ukimya mfupi kabla ya mwana kuingia, mkono wake ulinyanyuka hewani kama unainua pazia ambalo halikuwapo, na kwa sauti yake ya kawaida, ya chini, sauti ya nyumbani, akasema:

"Sui. Ingia. Usikimbie, hakuna anayekufukuza."

Sui akaingia, yaani alipiga hatua moja kuelekea maikrofoni akaanza kuimba.

"Mama mkubwa," fundi alisema baadaye, "pale umeongea. Tuifute turudie?"

"Turudie na saa nani alipe?" alisema Bosi Khun. "Endelea."

Kwa hiyo ilibaki. Mara ya kwanza kanda ilipopigwa hekaluni, mnong'ono ulitoka kwenye spika nne, mkubwa kama tangazo la kodi. Sui alitoka jukwaani masikio yakimwaka.

"Mama! Mji mzima umesikia ukiniita kama mbuzi."

"Mbuzi angekuja upesi zaidi."

Kundi likacheka, na baada ya siku chache hakuna aliyeujali tena. Watazamaji walidhani ni sehemu ya mchezo. Pik-ha aliendelea kukaa juu ya kasha jekundu kila mchana akisimulia mchezo ambao kila mtu alikuwa ameshaurekodi.

"Shangazi, kanda inajua," Le-chu alimwambia siku moja, akijipaka mdomo.

"Inajua. Iulize basi kama imekula."

Waliendelea kujipaka huku akisimulia. Wachache walimsikiliza kwa heshima, wengine walikuwa wakibandua maganda ya karanga. Mwisho hata Sui alikuwa akisikiliza kwa sikio moja.

Mazishi yalikwenda kama mazishi yanavyokwenda. Sui alivaa gunia, alitambaa magotini mbele ya jeneza, alichoma karatasi alizoambiwa achome. Akaubana kwenye nywele ule uzi mdogo mnene wa msiba ambao mtoto wa kike huvaa mpaka muda utimie. Walipotawanyika alirudi kwenye chumba walichopanga nyuma ya soko, akaketi, akataka kumsikia mama yake.

Uso ulikuja. Picha zilikuwa nyingi, na zote zilikuwa na doa puani. Sauti haikuja. Alipojaribu kumkumbuka akisema jambo la kawaida, wali umeiva, funga dirisha, kilichokuja ni mjane muuza tofu na ule mkwaruzo wake wa chungu. Miaka yote ile sauti ya jukwaani ilikuwa imekaa juu ya sauti ya nyumbani hadi ikaifunika. Ndipo alipokumbuka kwamba sauti ya nyumbani imebaki mahali pamoja tu duniani. Ilikuwa maneno machache, na la kwanza lilikuwa jina lake.

Bosi Khun alikuja kutoa ubani. Sui alimngoja hadi alipopiga magoti na kuinuka.

"Bosi, naomba kanda ya mjane. Siku moja tu, niinakili."

"Ya nini tena? Nyimbo zote unazijua kuliko mimi."

"Si nyimbo. Pale anaponiita."

Bosi alijifuta paji la uso. "Msimu umeanza, Sui. Siwezi kuitoa mkononi hata saa moja. Unajua lile kundi la kaskazini liliiba kanda zetu mbili mwaka juzi, sasa wanatingishia midomo sauti za watu wangu. Zote nimezifungia, na ufunguo nalala nao shingoni. Msimu ukiisha nitakupa, nakuahidi."

"Basi nije kazini. Nitaisikia hukohuko."

"Kazini huji. Una msiba kichwani. Unataka kamati za mahekalu zinitupie mawe? Mtu wa msiba mbele ya mungu anayesherehekea kuzaliwa? Siku mia zako zikiisha, njoo, nakupokea kwa mikono miwili. Le-chu atashika nafasi yako."

"Na sauti? Kwenye kanda mwana ni mimi."

"Sauti yako haijafiwa," alisema Bosi Khun, na hakuwa akitania.

Sui hakuweza kungoja msimu. Kila asubuhi aliamka akahisi kitu kimoja zaidi kimepungua. Akaazima kinasa sauti kidogo kwa jirani fundi cherehani, akanunua kanda tupu, akampigia simu Mjomba Hok.

"Mchezo wa mjane utapigwa kesho, mji wa chaza, sikukuu ya mungu mke wa bahari," Hok alimwambia. "Njoo, lakini usiingie uwanjani, tafadhali. Simama nje ya lango la taa. Spika moja nitaielekeza huko."

Alifika mchana, upepo wa chumvi ukivuma na maganda ya chaza yamerundikana kila kona kama theluji chafu. Watu walikuwa wengi. Lango la taa lilikuwa mti mmoja wa mwanzi uliovukishwa barabara, umetundikwa taa nyekundu. Ndani yake ndio uwanja wa mungu. Sui alisimama nje, karibu na pikipiki zilizoegeshwa, kitambaa kimefunika uzi wake wa msiba.

Mjomba Hok alimkimbilia mara moja, na soseji kwenye kijiti.

"Kula. Umekonda kama kijiti chenyewe."

"Sina hamu."

"Nani kasema habari za hamu? Kula." Akatazama kinasa sauti. "Unajua kukitumia?"

"Nabonyeza hivi viwili kwa pamoja. Nitabonyeza wimbo ukikaribia kwisha, betri zake zimechoka."

"Vizuri. Nikimaliza hapa nitakuletea chai. Usivuke pale, Sui. Nakuomba kama mwanangu."

Mchezo ulianza. Ngoma za zamani za Mjomba Hok zilitoka kwenye spika, yeye mwenyewe akizisikiliza mikono mitupu. Akatoka mjane muuza tofu. Alikuwa Bosi Khun. Alivaa aproni ya Pik-ha, ile yenye kiraka cha bluu ambacho Sui alikishona mwenyewe, na pua yake ilikuwa nyeupe. Alifungua mdomo akiwa amechelewa kidogo, akaufunga akiwa amewahi kidogo, na katikati ya mdomo ule ilitoka sauti ya Pik-ha. Watu walicheka. Alikuwa na tumbo, na tumbo lile na sauti ile vilichekesha. Sui aliwatazama waliokuwa wakicheka. Hakuna aliyejua kwamba anamcheka maiti, na hata wangejua, mchekeshaji huchekwa, hiyo ndiyo kazi.

Wimbo wa tofu ulianza. Upande wa joka, nyuma ya pazia, ulionekana ukingo wa joho la Le-chu. Sui alishika kinasa sauti kwa mikono miwili, vidole juu ya vitufe. Ubeti wa kwanza, mjane anahesabu vipande vyake. Ubeti wa pili, mvua inanyesha juu ya tofu. Ubeti wa mwisho, anasikia bendera za mkubwa zikija, anajiuliza ni mtoto wa nani huyo, mama yake ana bahati gani.

Mstari wa mwisho ulipoanza, mikono ya Sui ikafanya kile ilichofundishwa. Ilikiweka kinasa sauti juu ya kiti cha pikipiki ya mtu. Haikubonyeza chochote. Ikashuka, ikangoja.

"Sui," alisema mama yake kutoka angani, juu ya vichwa vyote. "Ingia. Usikimbie, hakuna anayekufukuza."

Sui akaingia.

Hakukimbia. Alivuka chini ya taa nyekundu kwa hatua za kijana wa heshima arudiye nyumbani, mguu wa nje kwanza, kifua wazi, na juu jukwaani Le-chu naye alikuwa akiingia kwa hatua hizohizo, na sauti yake Sui ikaanza kuimba kwenye spika huku mdomo wake mwenyewe uwanjani ukiifuata neno kwa neno. Upepo ulikichukua kitambaa chake. Alikuwa amefika karibu na meza za sadaka, bata na samaki na mikate myekundu, mwanamke mmoja aliyeshika ubani alipogeuka akaona uzi.

"Wee mama! Wee! Una msiba! Mtu wa msiba huyu!"

Watu walimkwepa kama maji ya moto yamemwagika. Mtu alinyakua mtoto. Mjomba Hok alizima mashine, na Bosi Khun alibaki kule juu na mdomo wazi bila sauti.

Mwenyekiti wa kamati ya hekalu alikuwa mfugaji chaza mwenye sauti ya kuitia mashua. Hakupiga kelele, wala hakuhitaji.

"Mama, umefiwa na nani?"

"Na mama yangu."

"Pole sana. Na ulijua huku hakuingiliki?"

"Nilijua."

"Sasa?"

Bosi Khun alikuwa ameshateremka, jasho limeichora njia pua yake nyeupe. "Mwenyekiti, nisamehe, ni mwigizaji wangu, amechanganyikiwa kwa uchungu. Tutaleta ubani, tutaleta nguruwe mzima, tutaosha uwanja—"

"Ngoja. Kuna sauti imesema Sui, ingia. Wote tumeisikia. Sui ni nani?"

"Ni kasoro ya kanda tu, mwenyekiti. Ya zamani."

"Nimeuliza Sui ni nani."

"Mimi," alisema Sui.

"Na anayekuita ni nani?"

Mjomba Hok alimtazama Sui kutoka kwenye mashine akatikisa kichwa polepole. Angeweza kusema ni mwigizaji mwenzake. Angeweza kusema hajui. Lakini alikuwa ametoka kuitwa, na hakuweza kumkana aliyemwita akiwa bado hajatoka upande wa chui.

"Mama yangu," alisema.

Mwenyekiti alivua kofia.

"Maiti anamwita mtu aingie mbele ya mungu," alisema, "na anaingia. Bosi, hii kanda umeipiga katika mahekalu mangapi? Kesho akituita sisi?"

Waliamua hapohapo, mbele ya ubani. Uwanja uoshwe, mchezo urudiwe kesho yake, na kanda ichomwe katika tanuru la hekalu pamoja na karatasi za dhahabu, ili marehemu apewe chake aache kuita.

"Kesho asubuhi nitaileta mwenyewe," alisema Bosi Khun. "Ya kuchezea na ya akiba."

Sui alipelekwa nje ya lango. Kinasa sauti kilikuwa palepale juu ya pikipiki, mwenye pikipiki amekilinda akidhani ni cha mpenzi wa muziki. Kanda ndani yake haikuwa imesogea.

Kesho yake alirudi mahali palepale. Bosi Khun alifika kutoka mjini katika lori la Mjomba Hok, macho mekundu kwa kukesha, na begi kwapani. Sui alimzuia kabla hajafika kwenye mwanzi.

"Bosi, nipe mimi. Nitaichoma mwenyewe."

"Wewe? Utaichoma na machozi?"

"Basi tuikate. Kipande kile tu, wachome kilichobaki."

"Sui." Bosi aliweka begi chini. Alionekana mzee kuliko jana. "Mimi si mnyama. Mama yako nilimjua kabla hujazaliwa. Lakini kamati hii ikisema neno moja tu kwa kamati nyingine, watu wote unaowaona kwenye lori lile hawatapata jukwaa msimu mzima. Nimeahidi, na nitafanya nilivyoahidi."

"Na mchezo? Utautupa mchezo wa mjane?"

Bosi alitazama pembeni. "Mchezo upo. Fundi ameuhamishia kwenye diski, ameusafisha. Nyimbo zote zipo, hata mkwaruzo umetoka. Utafurahi ukisikia."

"Amesafisha nini?"

"Kile walichotaka kikome."

Akaokota begi, akapita chini ya taa. Kutoka nje Sui aliliona tanuru, mdomo wake mwekundu, na mkono wa bosi ukitupa kitu kidogo cheusi, kisha kingine. Plastiki ilitoa moshi mzito kuliko karatasi. Watu walifunga pua.

Mjomba Hok ndiye aliyemweleza mengine, wakiwa wamekaa kwenye ngazi ya lori. "Fundi alimuuliza mara mbili, Sui. Alisema, hiki kipande nikiweke kando? Ni kidogo, hakili nafasi. Bosi akasema kifute, nimeahidi." Alizungusha vijiti viwili vya kulia wali mkononi, kama zamani. "Ningekuwa na ngoma yangu, ningekuwa na kitu cha kupiga."

"Ungepiga nini?"

"Sijui. Kichwa cha mtu."

Siku mia zilipoisha, Sui alitoa uzi kwenye nywele akauchoma, akaenda kulitafuta kundi katika mji wa miwa walikokuwa wakijenga jukwaa. Mikono yake haikujua kushona wala kuuza. Bosi Khun alimpokea kama alivyosema, kwa mikono miwili, na Le-chu alimrudishia joho la mwana akiwa ameshalifua.

"Nililegeza kiuno, dada," alisema. "Unaweza kukibana tena."

Sasa Bosi Khun ndiye anayejipaka wa kwanza, na wengine hufuata. Hakuna anayesimulia mchezo. Kasha jekundu huwekewa kofia. Mchezo wa mjane hupigwa zaidi ya michezo mingine yote, kwa sababu watu humcheka sana yule mjane mwenye tumbo. Wimbo wa tofu unapoisha, kwenye diski pana ukimya wa pumzi mbili. Sui huweka kikombe chake juu ya kasha, hushusha mikono, na huingia.